Fomu inakatika kwenye kioo cha mteja, kitufe cha HIFADHI hakionekani kabisa (VB.NET)

#1 Kodi ya Nyumba
Jumanne, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za saa hizi. Nimekwama na nina siku tano tu kabla ya kurudi kwa mteja.

Nimemtengenezea jamaa mmoja Morogoro programu ya mauzo ya duka lake la vifaa vya ujenzi. WinForms (ile njia ya Microsoft ya kuchora fomu na vitufe vya Windows), lugha VB.NET, database iko palepale kwenye mashine ya kaunta. Kwangu inafanya kazi safi. Mimi natumia desktopu yenye monita ya inchi 24, 1920 kwa 1080. Fomu ya mauzo nimeichora pikseli 1250 kwa 850, kila kitu kimekaa mahali pake, hadi nilipiga picha nikaweka status.

Jumamosi nimeenda kufunga. Mteja ana mashine tatu:

Kaunta: ile ya tachi, kioo cha inchi 15 cha zamani kisicho kipana, 1024 kwa 768, Windows 10.
Stoo: laptopu ya miaka, 1366 kwa 768, Windows 10.
Bosi mwenyewe: laptopu mpya ya inchi 15.6, 1920 kwa 1080, Windows 11.

Kaunta, upande wote wa kulia umepotea, yaani jumla ya pesa haionekani. Stoo, vitufe vya chini (HIFADHI, FUTA, CHAPA) vimezama nyuma ya ule upau wa chini wenye saa. Keshia akawa anabonyeza Tab mara nyingi halafu Enter, anabahatisha kama kaangukia HIFADHI au FUTA. Mara mbili kaangukia FUTA.

Sasa kilichonichanganya ni laptopu ya bosi. Namba ni zilezile za kwangu, 1920 kwa 1080, lakini fomu imekatika pia, tena maandishi yana ukungu kama umevaa miwani ya mtu mwingine. Bosi akaniuliza, "Hii umeitengenezea nani?"

Natanguliza shukrani.

#2 Pweza Nchi Kavu

Kitu kidogo hicho mkuu. WindowState = Maximized. Uzi ufungwe.

#3 Kodi ya Nyumba

Pweza, nimeshafanya hivyo. Fomu inajaa kioo kizima lakini vitu vya ndani haviondoki vilipo. Kwangu vinabaki vimejikusanya kona ya juu kushoto na upande wa pili uwanja mtupu, kwa mteja ni vilevile vimekatwa. Dirisha linatii, vilivyomo havitii.

#4 Mkata Umeme

Chukua hii, imenisaidia sana toka niko chuo. Unahifadhi saizi ya mwanzo, unatafuta uwiano, unazidisha kila kitu:

```
Dim rx = eneo.Width / 1920
Dim ry = eneo.Height / 1080
For Each c As Control In Me.Controls
    c.Left = CInt(c.Left * rx)
    c.Top = CInt(c.Top * ry)
    c.Width = CInt(c.Width * rx)
    c.Height = CInt(c.Height * ry)
    c.Font = New Font(c.Font.Name, CSng(c.Font.Size * rx))
Next
```

Bandika kwenye Load, pale fomu inapofunguka. Asante baadaye.

#5 Kodi ya Nyumba

Nimeibandika, nikashusha kioo changu hadi 1024 kwa 768 nijaribu. Jamani. Kila kitu kimeingia, ndiyo, lakini 1024 gawa kwa 1920 ni kama 0.53, kwa hiyo fonti ya 9 imekuwa kama 4.8. Hata mimi nimesogeza uso. Tena upana unapungua kuliko urefu, kwa hiyo vitufe vimekuwa vyembamba virefu kama viberiti vilivyosimamishwa. Visanduku vya kuandikia vyenyewe vimefuata fonti yao, kwa hiyo vimelala kwenye mashimo makubwa. Na vilivyomo ndani ya paneli havikuguswa kabisa.

#6 mzee wa twips

Hiyo kodi (code) naifahamu, nadhani nilikuwepo inazaliwa. Enzi za VB6 tulikuwa tunapima kwa twips, 1440 kwa inchi moja, pikseli moja ilikuwa twips 15 kwenye mashine ya kawaida. Mteja akiweka fonti kubwa za Windows, pikseli moja inakuwa twips 12 na hesabu zako zote zinahama. Monita za chogo, mmoja yuko 640 kwa 480, mwenzake kapanda 800 kwa 600, na VB6 haikuwa na Anchor wala Dock ya maana, zile za kufunga kitu kwenye kingo za fomu. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na Form_Resize yake ndefu kama shairi. Tulizidisha kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Nyinyi mnazo tangu 2002 .NET ilipotoka, lakini bado mnazidisha.

Kuzidisha uwiano ni kuchukua picha na kuivuta. Picha inavutika. Fomu ya kazi haivutiki hivyo, kwa sababu macho ya keshia hayapungui kwa kuwa kioo kimepungua.

#7 Kodi ya Nyumba

Shikamoo mzee. Nimeelewa kisichofaa, sasa kinachofaa ni kipi?

#8 mzee wa twips

Marahaba. Ngoja waje wenye mikono ya sasa hivi. Binti Mtondoo akipita hapa atakusaidia.

#9 Binti Mtondoo

Nimepita.

Kodi ya Nyumba, una magonjwa mawili na unayatibu kwa dawa moja, ndiyo maana hupati nafuu. La kaunta na stoo ni la mpangilio. La laptopu ya bosi ni la ukuzaji, yaani ile sehemu ya Scale kwenye mipangilio ya kioo. Tuanze na la kwanza, la pili usiliguse hata kidogo mpaka la kwanza lipone.

Sasa hivi fomu yako imeambiwa "kitufe cha HIFADHI kiko pikseli 770 kutoka juu". Ukienda kwenye kioo ambacho pikseli 770 haipo, kitufe hakipo. Fomu inatakiwa iambiwe "HIFADHI iko chini, popote chini ilipo". Hiyo ndiyo kazi ya Anchor na Dock. Kila kitu unachoburuta kwenye WinForms kinakuja na Anchor ya Top na Left, maana yake kimepigwa msumari kona ya juu kushoto. Ndiyo uliyoyaona kwenye #3.

Fanya hivi. Fungua fomu mpya, usirekebishe ile ya zamani, utajuta. Halafu gawa kama unavyogawa chumba:

Paneli ya juu, Dock = Top: jina la mteja, tarehe, namba ya risiti.
Paneli ya chini, Dock = Bottom: vitufe vyako vitatu.
Paneli ya kulia, Dock = Right: jumla, aliyolipa, chenji.
Katikati DataGridView, yaani jedwali la bidhaa, Dock = Fill.

Kioo kikipungua au kikiongezeka, anayepungua na kuongezeka ni yule wa katikati peke yake. Keshia akiona bidhaa nane badala ya kumi na tano atasogeza orodha, hafi. Lakini jumla na HIFADHI haviendi popote.

Ndani ya paneli ya juu usitumie Anchor kwa visanduku viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Ukivifunga vyote Left na Right, dirisha likipanuka vyote vinanenepa na kimoja kinampanda mwenzake. Hapo weka TableLayoutPanel, paneli iliyogawanywa kama jedwali. Safu za maandishi ziwe AutoSize, za visanduku ziwe Percent. Absolute, ile ya pikseli zisizobadilika, iache, ukiizoea utarudi kulekule kwa misumari.

#10 Karani wa Ngara

Sasa boss, si ungeanza tu na WPF, ile njia mpya kuliko WinForms? Huko kipimo ni moja ya tisini na sita ya inchi, si pikseli ya kioo, Grid iko na Auto na nyota, unalala usingizi. WinForms ni ya mababu bana. Ama uweke kwa brauza, CSS ikufanyie kazi. Mimi hapa Nairobi sijagusa WinForms miaka mingi.

#11 Binti Mtondoo

Karani, sikatai, WPF ingemwondolea nusu ya haya. Lakini ana siku tano na fomu kumi na kitu zilizokwisha. Na kwenye WPF pia nimeona watu wanatupa kila kitu kwenye Canvas kwa Left na Top, halafu wanafunika na Viewbox wanasema imekuwa "responsive". Hiyo Viewbox ni kodi ya Mkata Umeme iliyovaa suti.

#12 Mkata Umeme

Nimekaa kimya lakini nawasoma.

#13 Kodi ya Nyumba
Alhamisi, saa 7:40 usiku

Dada nimefanya. Kuna kitu kilinipotezea masaa mawili: DataGridView nimeiweka Fill lakini mstari wa kwanza ulikuwa unajificha chini ya paneli ya juu, na upau wake wa kusogezea ukaingia chini ya paneli ya kulia. Yaani Fill ilichukua kioo kizima badala ya kilichobaki.

#14 Binti Mtondoo

Hiyo humpata kila mtu. Dock inagawa nafasi kwa kufuata nani yuko nyuma na nani yuko mbele. Wa nyuma wanakata kipande chao kwanza. Mwenye Fill lazima awe wa mwisho kupakuliwa, apate kilichobaki kwenye sufuria. Bofya kulia juu ya hiyo DataGridView, Bring to Front, kwisha.

#15 Kodi ya Nyumba

Imekubali! Nimeijaribu kwa 1024 na 1366, HIFADHI ipo, jumla ipo.

Ila stoo ingenishinda bado: fomu ilikuwa inafunguka na urefu wa kioo kizima, kwa hiyo paneli ya chini inafuata chini kweli, lakini chini kwenyewe ni nyuma ya upau wa Windows. Nimetafuta nikakuta nilikuwa napima kwa Screen.Bounds. WorkingArea ndiyo inayotoa upau. Sasa ninayo hii:

```
Dim eneo = Screen.FromControl(Me).WorkingArea
Me.Width = Math.Min(Me.Width, eneo.Width)
Me.Height = Math.Min(Me.Height, eneo.Height)
Me.Left = eneo.Left + (eneo.Width - Me.Width) \ 2
Me.Top = eneo.Top + (eneo.Height - Me.Height) \ 2
```

#16 mzee wa twips

Safi kijana. Angalia tu MinimumSize usiiweke kubwa kuliko hilo eneo, itakushinda nguvu na Math.Min yako haitafanya kitu.

Kaunta, kwa kuwa ni ya tachi na keshia hana kazi nyingine pale, acha Maximized. Ukitaka kufunika hadi upau wa chini, ondoa fremu kwa FormBorderStyle = None halafu ndiyo ukuze. Lakini mwulize mwenye duka kwanza. Mimi nilifunika, jioni nikapigiwa simu keshia hajui saa ngapi.

#17 Kodi ya Nyumba

Haya, tuje kwa bosi. Nimemwomba kijana wa pale aendeshe kaprogramu kadogo kanakoonyesha namba. Laptopu ni 1920 kwa 1080, nimeiona kwa macho yangu kwenye mipangilio. Lakini programu yangu inasema Bounds ni 1280 kwa 720, na WorkingArea ni 1280 kwa 672. Nani anadanganya?

#18 Binti Mtondoo

Windows ndiyo inaidanganya programu yako, na inafanya hivyo kwa nia njema.

Kioo cha inchi 15.6 chenye 1920 kwa 1080 kina pikseli kama 141 kwa kila inchi. Hiyo tachi ya kaunta, inchi 15 na 1024 kwa 768, ina kama 85. Herufi yenye urefu wa pikseli 12 kule ni kubwa, huku ni punje ya mtama. Kwa hiyo Windows inakuza kila kitu. Mashine ya bosi iko 150%. Ukigawa 1920 kwa 1.5 unapata 1280, 1080 kwa 1.5 unapata 720. Upau wa Windows 11 ni pikseli 48 kwenye 100%, ukiutoa unabaki na 672.

Programu ya .NET Framework ambayo haijasema lolote kuhusu jambo hili huhesabiwa kuwa haijui. Windows inaipa kioo cha kufikirika cha 1280 kwa 720, inaiacha ijichore, halafu inachukua ile picha na kuivuta mara moja na nusu. Ule ukungu ni huo mvuto. Bosi hana tatizo la macho wala kioo.

Sasa linganisha namba zako. Kimo kilichobaki baada ya upau: kaunta 728, stoo 728, bosi 672. Laptopu mpya ya bei mbaya ndiyo yenye nafasi fupi kuliko zote kwenda chini. Na kwa upana, mwembamba ni kaunta, 1024. Kwa hiyo fomu yako inatakiwa iingie kwenye 1024 kwa 672, chukua upana wa huyu na urefu wa yule. Mimi ningechora 1000 kwa 660 halafu naiacha ikue.

#19 Pweza Nchi Kavu

Kumbe ndiyo maana. Mimi miaka yote nilikuwa namwambia mteja "rudisha 100%". Mmoja alinijibu "na macho yangu nirudishe wapi?"

#20 Kodi ya Nyumba

Nimecheka kwa sauti, wife kaamka.

Dada, huo ukungu nautoaje?

#21 Binti Mtondoo

Unaiambia Windows kwamba unajua. Kama uko .NET Framework 4.7 kuendelea, kwenye app.config:

```
<System.Windows.Forms.ApplicationConfigurationSection>
  <add key="DpiAwareness" value="PerMonitorV2" />
</System.Windows.Forms.ApplicationConfigurationSection>
```

na kwenye manifesti (faili la app.manifest) utoe alama ya kuzuia (comment) kwenye ule mstari wa supportedOS wa Windows 10, bila huo haifanyi kazi. Walio kwenye .NET 6 na kuendelea kwa C#, hilo linakaa kwenye faili la projekti, ApplicationHighDpiMode.

Lakini PerMonitorV2 ina kazi yake. Ni kwa anayehamisha dirisha kutoka laptopu ya 150% kwenda monita ya 100% na anataka libadilike hapohapo, na itabidi ujaribu kila fomu. Bosi wako ana kioo kimoja. Kwa siku mbili ulizobaki nazo, weka thamani "system", ukungu unaondoka na huna mengi ya kupima. Hayo ni maoni yangu, wengine watabisha.

#22 Karani wa Ngara

Nabisha kidogo. Akiunganisha projekta siku moja, ukungu unarudi huko kwa projekta. Lakini kwa duka la mabati na saruji, sawa, system inatosha.

#23 Tofali Bichi

Naongeza moja, mimi iliniumiza wiki nzima. Kama unachora fomu kazini kwenye 100% halafu nyumbani unafungua projekti hiyohiyo kwenye laptopu ya 125%, dizaina inaikuza fomu na kuandika namba mpya kwenye faili la Designer. Kesho yake kazini imevimba. Tulikuwa wawili kwenye projekti, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Fungua hilo faili utafute AutoScaleDimensions. Ukikuta 6F, 13F ilihifadhiwa kwenye 100% kwa ile fonti ya zamani ya WinForms. Ukikuta 8F, 16F kuna mtu kaifungua kwenye 125%. Visual Studio huwa inatoa mstari wa njano juu inakuuliza uiwashe upya kwa 100%. Ukubali. Sisi tulikuwa tunaufunga kila siku kama tangazo.

#24 Kodi ya Nyumba

Tofali Bichi, nimeangalia. Fomu saba ni 6F, 13F. Tano ni 8F, 16F. Hizo tano nilizichora kwenye laptopu ya shemeji umeme ulipokatika.

#25 Kodi ya Nyumba
Ijumaa, saa 2:05 asubuhi

Nimeweka "system", nimeijaribu kwenye laptopu ya jirani yenye 150%. Maandishi yamekuwa makali kama wembe. Lakini ile fomu ya zamani, ambayo sijaigusa, sasa imekuwa mbaya zaidi: 1250 kwa 850 imekuzwa na kuwa 1875 kwa 1275, na kioo ni 1080! Mpya ya 1000 kwa 660 imekuwa 1500 kwa 990 na imeingia. Kwa hiyo nimeelewa kwa nini ulisema ugonjwa wa kwanza upone kwanza.

Swali la mwisho, kuna paneli moja, UserControl ya chenji, haikukua kama wenzake.

#26 Binti Mtondoo

AutoScaleMode yake, inayosema kitu kikue kwa kufuata nini. Fomu iwe Font, hiyo UserControl iwe Inherit. Na vitu ulivyovipa fonti ya peke yake, moja kwa moja, havifuati fonti ya fomu ukiibadilisha. Viachie virithi, isipokuwa ile jumla kubwa.

#27 chuo2 bweni

Samahani wakuu kuvamia. Mimi natumia Java Swing kwenye NetBeans, nimeweka setLayout(null) na setBounds kila mahali, tatizo ni kama la huyu bro. Supavaiza anataka Jumatatu.

#28 mzee wa twips

Kijana, null ndiyo msumari wenyewe. Kwa mgawanyo aliopewa mwenzako hapo #9, weka BorderLayout: NORTH, SOUTH, EAST, na jedwali CENTER ndani ya JScrollPane. Mwisho ita pack() badala ya setSize. Nafasi isiyo na upau utaipata kwa getMaximumWindowBounds ya GraphicsEnvironment. Na tumia Java 9 kwenda juu, hiyo 8 haijui ukuzaji wa Windows.

#29 chuo2 bweni

Ubarikiwe mzee. Sikujua SOUTH ni ya kuweka vitufe, nilidhani ni ramani.

#30 Pweza Nchi Kavu

Kuna jingine hamjalitaja. Mimi programu yangu inakumbuka dirisha liliachwa wapi. Mteja mmoja alichomeka TV kwenye laptopu aangalie mechi, akaburuta programu huko, akafunga. Kesho TV haipo. Programu inafunguka, kwenye upau inaonekana, kwenye kioo hakuna kitu. Nilitoka Tabata hadi Bunju kwenda kuangalia "programu iliyokufa". Ilikuwa imekaa kwenye TV ambayo haipo. Toka siku hiyo:

```
If Not Screen.AllScreens.Any(Function(s) s.WorkingArea.IntersectsWith(mahaliPaJana)) Then
    Me.CenterToScreen()
End If
```

Kwa simu mwelekeze mteja Windows, Shift na mshale, ila hiyo inahamisha kati ya vioo vilivyopo. Kioo kikiwa hakipo tena, Alt na nafasi, kisha M, kisha mshale wowote, halafu asogeze mausi. Dirisha linakuja limening'inia kwenye mausi.

#31 Kodi ya Nyumba

Pweza, nilidhani wewe ni wa Maximized tu. Hiyo naiba.

Nyingine kwa wasio na mashine tatu nyumbani: nimekuwa najaribu kwa Remote Desktop kwenye kompyuta ya ofisini, unaandika mstsc /w:1024 /h:768 na inakufungulia kioo cha saizi hiyohiyo. Haraka kuliko kubadilisha kioo chako kila dakika.

#32 Kodi ya Nyumba
Jumapili, saa 1:30 jioni

Nimerudi Morogoro. Mrejesho.

Stoo, kila kitu kinaonekana. Bosi, kafungua, kaangalia, akasema "aah" akaendelea na simu. Nimeichukua kama sifa.

Kaunta ndiko nusura niumbuke. Fomu imeingia vizuri, HIFADHI ipo, jumla ipo. Keshia akauza mabati. Kwenye orodha, safu ya bei ilikuwa nyembamba kwa sababu nilikuwa nimeweka AutoSizeColumnsMode = Fill kwa safu zote, zikagawana kioo kidogo sawasawa. Bei ya shilingi 1,250,000 ikaandikwa "1,250..." na vile vidoti vitatu ni vidogo, havionekani ukiwa umesimama. Keshia akamtajia mteja elfu moja na mia mbili hamsini. Mteja akacheka, keshia akacheka, mimi sikucheka.

Nimerekebisha palepale: safu za pesa na idadi zote AutoSizeMode = AllCells, jina la bidhaa peke yake ndiyo Fill, na MinimumWidth 140. Jina likikatika "Bati geji 28 la rangi ya..." hakuna anayepata hasara.

Vitufe vya tachi pia nilikuwa nimeviweka urefu wa pikseli 30. Kwenye kioo kile ni kama milimita tisa, kidole cha keshia kinagusa viwili kwa pamoja. Nimevipeleka 56.

#33 Binti Mtondoo

Hilo la vidoti sikulifikiria, na nimetumia Fill kwa kila kitu kwenye programu mbili ambazo ziko kazini sasa hivi. Ngoja nifungue laptopu.

#34 mzee wa twips

HIFADHI na FUTA bado vimekaa jirani?

#35 Kodi ya Nyumba

Nimevitenganisha mzee. FUTA iko kushoto kabisa, HIFADHI kulia, katikati uwazi. Kwenye kioo cha bosi uwazi ni mkubwa, kwenye kaunta ni mdogo, lakini upo.

#36 Mkata Umeme

Nimeshaiondoa ile kodi yangu kwenye programu ya shule moja. Fomu 23. Nimefika ya nne.

#37 chuo2 bweni

Wakuu, na risiti inayokatika pembeni kwenye printa ya milimita 58 nayo ni DPI, yaani haya ya pikseli kwa inchi?

#38 Binti Mtondoo

Hiyo ni karatasi, mdogo wangu. Fungua uzi wake, nitakuja.